Moyo Usioijua Lami

4 Februari

Kwako wewe kitinda mimba,

Sikuulizi hali, maana hali yako nimeshaletewa na dereva wa gari la unga kabla hata hajazima injini. Eti umetoka hospitali na betri kifuani. Betri! Na eti simu hushiki tena, kwa sababu simu ikikaribia hiyo betri inazimika, na wewe unazimika nayo. Nani kakwambia? Jirani. Huyo jirani yako kasomea nini zaidi ya kuazima chumvi? Haya basi, tutaandikiana barua kama watu wa enzi za Baba, dereva wa unga awe tarishi wetu. Mimi niliyeandika kumbukumbu za mahakama mpaka nikastaafu, leo nimekaa namwandikia mtu asiyejua nukta inawekwa wapi.

Sasa nisikilize vizuri. Mtu mwenye moyo wa kuchomekwa hana tena biashara ya kupakia kreti za mikate kwenye baiskeli. Uza hiyo baiskeli. Funga hicho chumba chako chenye harufu ya mafuta ya mnyororo. Njoo ukae kwangu, chumba cha nyuma kipo. Shemeji yako ameshaondoa viatu vyake humo, na unajua kumwinua mume wangu kwenye kochi ni kesi ya kufika rufaa.

Na usinishangae kwamba sishangai. Hili la kuchoka umelitoa kwa Baba. Unakumbuka alivyokuwa akirudi kazini? Nusu ya kilima anakaa kwenye lile jiwe la kalvati, anajifanya anatazama mandhari. Mama akampa jina, Bwana Pumzika, na sisi watoto tukalipokea kwa vifijo. Sasa ndiyo wewe. Bwana Pumzika wa pili, tena wa umeme.

Nataka jibu la neno moja. Unakuja au huji?

Dada yako,
mwenye moyo aliozaliwa nao


10 Februari

Dada,

Siji.

Mdogo wako

Mwambie Shemeji arudishe viatu vyake.


2 Aprili

Dada Mkubwa,

Kaa chini kabla hujasoma, maana habari njema hujazizoea.

Kidonda kimekauka. Mkono nilioambiwa nisiuinue juu ya bega sasa unainuka, na kazi ya kwanza niliyoupa ni kushusha kreti kwenye rafu ya juu pale tanurini. Mwenye tanuri akanikagua kama mtu anayeuziwa mbuzi mgonjwa. "Utaweza wewe?" Nikamwambia, "Pakia." Akapakia. Nikashika ile barabara yetu ya mashimo, nikazungukia maduka yote ya bondeni, kisha nikapanda kilima mpaka duka la mwisho sijashuka kwenye tandiko. Sijashuka, Dada! Kabla ya betri nilikuwa naisukuma baiskeli toka nusu ya kilima huku naona nyota mchana.

Daktari alinieleza. Moyo wangu ulikuwa unapiga polepole mno, na ulikuwa hauongezi mwendo hata ningekuwa namkimbiza mwizi. Betri ndiyo inausukuma. Nikikaa, inauacha utambae. Nikifanya kazi, inajua yenyewe, inauongeza. Inajuaje? Sikuuliza. Wewe hujui redio inasemaje, mbona unaisikiliza?

Kwa hiyo hicho chumba cha nyuma mpe paka. Mimi nikae sebule moja na lile gunia unaloliita mume? Tangu nimfahamu nimemwona amesimama mara mbili, siku ya harusi yenu na siku rimoti ilipoanguka nyuma ya kabati. Nikihamia humo, mwezi haufiki utashindwa kututofautisha.

Mimi nina njia yangu. Kuna maduka hayafungui dirisha mpaka yasikie kengele yangu. Siku nikinyang'anywa hii njia, ndipo uniletee kochi nifie juu yake. Kabla ya hapo, usiniletee.

Mdogo wako,
anayepanda kilima


14 Aprili

Bwana Betri,

Nimesoma majigambo yako. Nikayarudia tena nikitafuta nukta, sikuipata.

Kwanza, usimtukane mume wangu. Nikimtukana mimi ni haki yangu ya ndoa. Wewe unadandia.

Pili, eti betri inajua yenyewe. Na siku isipojua? Nimeona mashine nyingi kazini. Ile mashine ya kurekodi mashahidi nayo tuliambiwa inajua yenyewe, ikarekodi feni wiki nzima. Sitaki kabisa kusikia habari ya kidude kinachokaa kifuani mwa mtu kinaamua mambo. Moyo wa mtu ni wa mtu. Ukitaka kwenda polepole, uachwe uende polepole. Umefanya kazi miaka yote hiyo, una haki zake. Ni tamaa tu kuutia shoti ili ubebe mikate ya watu.

Mwandiko umeyumba hapo juu, usijitie kuuliza. Niliteleza bafuni. Sabuni za siku hizi ni mafuta matupu. Mkono umetenguka kidogo. Shemeji yako anataka kunizungusha kwa madaktari, nimemwambia akae. Kukaa anajua.

Chumba bado kipo. Nimetia pazia.

Dada yako,
mwenye moyo wake mwenyewe


21 Juni

Dada,

Hii ni fupi.

Huku tumewekewa lami. Toka mlangoni pa tanuri mpaka duka la juu kabisa, nyeusi, laini, haina hata kokoto. Jioni watu wanakwenda kuitembelea na watoto wamevaa nguo za sikukuu, wanainama wanaipapasa. Mijitu mizima! Yule mwenye pikipiki, ninayemwita Honi kwa sababu hana kingine kichwani, anaipanda na kuishuka kutwa bila shughuli yoyote.

Mimi mzima. Joto tu limekuwa kali. Halafu mnyororo umelegea. Na mikate siku hizi imekuwa mizito, nadhani wanazidisha maji kwenye unga. Nimechelewa kidogo siku mbili tatu. Si kitu.

Mkono wako vipi?

Mdogo wako


26 Juni

Wewe,

Shahidi amefika. Dereva wa unga ameniambia, bila kulazimishwa na mtu, kwamba amekukuta umekaa ukingoni mwa hiyo lami mpya, kichwa kiko magotini, kreti ziko kwenye majani na mbwa anazinusa. Alisimamisha gari. Ukamwambia unatazama mandhari.

Mandhari!

Nilikaa mahakamani nikawaandika wezi, wazinzi na watu waliouza shamba la yatima. Wote walidanganya. Lakini sikuwahi kumwandika mtu aliyeusingizia mkate.

Nakuuliza, na ujibu ndiyo au hapana. Umekuwa ukikaa njiani kama Baba?

Dada yako


3 Julai

Dada,

Ndiyo.

Umefurahi? Basi pokea na mengine, maana najua hutaniacha. Tangu siku walipoimwaga hiyo lami, mimi nimekwisha. Zamani kwenye mashimo nilikuwa simba. Sasa nikiingia kwenye lami, sijafika hata nusu ya kilima, miguu inakuwa mizito, pumzi inakata, macho yanaingia giza. Natelemka, nakaa. Nikikaa kidogo nasimama, naisukuma baiskeli kwa miguu, na hapo nguvu zinarudi! Nikipanda tena tandiko, zinakwisha. Nimewaza, nikaona ni hiyo lami yenyewe. Ina joto linalopanda na harufu ya mafuta, nadhani vinaiingilia betri. Nimeanza kujifunga kitambaa kifuani ili mvuke usifike.

Usicheke.

Nilikwenda hospitali. Daktari mgeni, mrefu, viatu vinalia. Sikumaliza kusema. Akaniambia nitembee kwenye korido kwenda na kurudi huku wananipima. Nikatembea. Dada, nilitembea kama bwana harusi! Sikuchoka hata chembe. Akatazama vipimo, akatazama kitambaa changu, akatazama saa yake. "Mzee, hiyo mashine iko sawa kabisa. Labda ni uvivu wa umri." Wauguzi wakainamisha nyuso.

Mwenye tanuri naye amesema lake. Ananivumilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Mikate ikichelewa tena, njia anapewa Honi. Alisema hivyo mbele ya Honi mwenyewe, na lile jitu likapiga honi.

Mdogo wako


8 Julai

Bwana Pumzika,

Hukumu hii nimeiandika kwa mkono wangu.

Mshtakiwa amepimwa na daktari, akaonekana mzima. Akitembea hachoki. Akipewa mzigo wa kazi yake, anachoka. Utetezi wake ni kwamba barabara imekuwa nzuri mno. Jamani! Nchi nzima watu wanalilia barabara, wanaandamana, wanazomea viongozi, na huku yuko mtu mmoja mwenye kitambaa kifuani analalamika kwamba imelainika. Hivi ungepewa kitanda cha pamba si ungedai misumari?

Mahakama inaona kwamba ni mvivu, mwongo na mtu wa kuchekesha. Anaamriwa kuuza baiskeli kabla Honi hajamdhalilisha, na kuhamia chumba cha nyuma mara moja.

Na ufanye haraka. Si kwa ajili yangu. Ngazi za hapa zimekuwa ndefu na sokoni mtu wa kubeba kikapu hayupo, basi. Usidhani nakuhitaji.

Pazia nimelibadilisha, lile lilikuwa na maua.

Dada yako,
ambaye hata lifti ikiharibika hupanda kwa moyo wake mwenyewe


24 Julai

Dada Mkubwa, karani wa mahakama, mtoa hukumu wa bure,

Kata rufaa yako mwenyewe, maana umeshindwa.

Wiki mbili zilizopita walifukua lami kutia mabomba. Ndiyo, ile ile waliyoikatia utepe, hata rangi ya kingo haijakauka. Akili za watu hawa! Tukarudishwa barabara ya zamani kule nyuma ya makaburi, mashimo matupu. Nikasema leo ndiyo nazikwa kabisa. Dada, nilipaa! Kreti zimejaa, kilima kile kile, jua lile lile, nikafika juu naimba. Honi pikipiki yake ilikwama kwenye shimo akawa anaomba watu wamsukume. Nilimpita nikampigia kengele.

Hapo nikaona hili si la kumezea. Nikaiburuta baiskeli mpaka hospitali. Viatu Vinalia hakutaka hata kuniona. Nikamtafuta yule mama fundi anayezipima hizi betri, nikamkuta anafunga chumba chake.

"Fundi, njoo unitazame nikiendesha."

"Mzee wangu, hapa ni hospitali."

"Mlinitembeza kwenye korido. Mimi mikate siisambazi kwa miguu!"

Akanitazama. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akanifunga kidude mkononi kinachosoma mapigo, tukatoka kwenye uwanja wa magari wenye saruji laini. Akasema, zunguka. Nikazunguka, yeye anasoma. Nilitweta mpaka mlinzi akaleta kiti. Fundi akasema, "Ajabu. Jasho linakutoka, na moyo unakwenda kama wa mtu anayesubiri chai." Akanipeleka nyuma ya jiko kwenye kokoto. Nikazunguka tena. Akapiga paja lake, paa!

"Nimekuelewa," akasema. "Hiyo betri haijui kwamba unafanya kazi, Mzee. Inajua mwili unatikisika, basi. Ukitembea, kifua kinatikisika, inasema huyu yuko mwendoni, inaongeza. Kwenye mashimo ndiyo kabisa. Kwenye lami miguu inachapa kazi lakini kifua kimetulia tuli. Inadhani umekaa sebuleni."

"Yaani inanidhania shemeji yangu," nikamwambia.

Kuna nyingine, anasema, zinazosikiliza pumzi. Yangu si ya aina hiyo. Basi akanilaza, akaniwekea kitu kama sahani juu ya kifua, akabonyeza kompyuta yake. Ameifanya isikie zaidi. Si zaidi sana, maana akizidisha nitakuwa nikipanda basi tu moyo unakimbia na mimi nimekaa. Na kwenye kilima akaniambia nitikise mabega. Mabomba yameshafukiwa na lami imerudishwa, sasa naipanda nikiyumba kushoto kulia, maduka yote yananiita Mlevi wa Mikate. Waache waniite. Nafika na mikate ya moto. Mwenye tanuri ameona mwezi unakaribia kuisha na sijachelewa tena, ameacha kumtaja Honi. Njia ni yangu.

Na simu haiui, nilimuuliza. Nisiiweke tu mfuko wa shati juu ya betri, na niisikilizie sikio la upande mwingine. Lakini sitakupigia. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua inabidi ungoje zamu yako.

Sasa rudisha maneno yako. Uvivu, uongo, kuchekesha, yote matatu.

Mdogo wako,
Mlevi wa Mikate


2 Agosti

Shemeji,

Ni mimi, Gunia. Barua zako huwa anazisoma kwa sauti, kwa hiyo najua jina langu, na la rimoti nalijua. Lilinichekesha. Ile siku nilisimama kweli.

Naandika yeye akiwa amelala. Siku hizi analala mchana, mwenyewe anasema anafikiri. Nimempa dereva wa unga bahasha mkononi, nimemwambia akifungua mdomo nitamshughulikia. Sijui ningemshughulikiaje.

Dada yako alianguka tena, safari hii kwenye ngazi. Ile ya bafuni haikuwa sabuni. Alizimia. Hospitali walishamwambia tangu Januari, kabla wewe hujawekewa yako, kwamba moyo wake ni huo huo wenu, unakwenda polepole na hauongezi. Walimpa siku ya kuwekewa betri. Akavaa vizuri, tukafika mpaka mlangoni, akageuka. Akasema hatakuwa kichekesho. Akasema alimcheka Baba yenu kuliko wote, na anajua kicheko kile kinavyosikika.

Chumba cha nyuma hakikuwa cha kukuhurumia wewe. Alitaka kukuona. Alitaka mtu mwenye hicho kidude akae karibu, ale, alale, agombane naye, ili aone kama bado ni mtu. Kukuomba hawezi. Akakutukana. Ndiyo njia anayoijua.

Barua yako ya mwisho aliisoma, akafika pale pa kutikisa mabega, akaanza kucheka, kisha akaenda kuoga akakaa humo muda mrefu.

Mimi wewe unaniona wa kukaa tu. Kochi langu nimeliweka pale kwa sababu ukiwa pale unaona mlango wa bafu na unaona ngazi. Ukiondoka pale huoni.

Usimwambie nimeandika.

Shemeji yako


5 Agosti

Dada,

Nimesikia. Usimuulize mtu nimesikiaje, wala usimtazame mtu yeyote hapo ndani kwa jicho lako la mahakama.

Wewe ni mwoga. Nakuambia hivi kwa dharau yote uliyonifundisha. Miezi hii yote unanipiga mawe kwa betri yangu, kumbe na wewe jina lako limeitwa, ukafika mlangoni ukageuka! Eti moyo una haki ya kwenda polepole. Kwa hiyo wakili wa moyo siku hizi ni wewe? Eti unapanda ngazi kwa moyo wako mwenyewe. Unapanda ngapi kabla hujaanza kujifanya unatafuta ufunguo kwenye mkoba? Nakujua. Baba alitazama mandhari, mimi nikasingizia mkate, wewe unatafuta ufunguo. Ukoo mzima wa waongo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa mvivu.

Unaogopa kuchekwa? Mimi nachekwa toka tanuri mpaka kileleni, kila asubuhi, na watoto wa shule wananiigiza mabega. Nikifika juu nawauzia wenye duka mikate, nao wanalipa wakiwa wanacheka. Sijapungua chochote.

Nakuuliza, na ujibu ndiyo au hapana, usinipe hotuba. Unataka kuzikwa na moyo wako mwenyewe?

Jumatatu nimeomba ruhusa, nakuja na gari la unga. Ukiwa chini ya ngazi umevaa, tutakwenda wote, na yule mama fundi nimeshamsimulia habari zako, amesema watu wa namna yako anawapenda. Usipokuwepo chini, nitapanda juu nikakubebe mgongoni mbele ya majirani wote, na nitatikisa mabega njia nzima.

Mwambie Shemeji ashike mkoba wako. Na mwambie, bila kueleza kwa nini, kwamba kochi liko mahali pazuri.

Mdogo wako


11 Septemba

Kwako wewe kitinda mimba,

Nimepewa ruhusa ya kuandika lakini si ya kuinua mkono juu ya bega, kwa hiyo matusi mengine yaliyoko rafu ya juu sitayafikia leo.

Kwanza malalamiko. Huyo fundi wako anaongea mno. Pili, hicho kidude kinaonekana ukivaa gauni la shingo pana, nimelitupa gauni. Tatu, juzi nilikaa kwenye kiti changu cha bembea nikisoma gazeti, natulia zangu, mara moyo ukaanza kwenda mbio kama nimechelewa mahakamani. Nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo majirani hawataisahau. Alifika kabla sijamaliza kuita. Sikujua kwamba mwili ule unaweza kukimbia. Tukampigia fundi, simu kwenye sikio la upande mwingine. Akacheka mpaka nikaudhika. "Mama, acha kubembea. Inadhani unakwenda sokoni." Sasa kiti kimetiwa vipande vya mbao chini, hakiendi popote, na mimi nimekaa juu yake kama hakimu. Nilikwambia hizo mashine hazijui kitu. Maneno yangu sirudishi hata moja.

Jana nimepanda ngazi. Zote. Sikutafuta ufunguo. Mke wa jirani alikuwa anashuka akanipisha, akaniuliza kama nina haraka.

Nilipofika juu nilisimama kidogo mlangoni. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa namkumbuka Baba na lile jiwe la kalvati, na zile kreti zake za soda alizokuwa akibeba begani mpaka nyumbani kwa ajili yetu. Kumbe hakuwa anatazama mandhari. Wewe na mimi tumepewa betri. Yeye alipewa jina.

Basi. Sitaki tuliongelee hilo tena.

Chumba cha nyuma mume wangu amerudisha viatu vyake. Pazia nimeliacha. Mkate wako siuhitaji, huwa mkavu na una chumvi. Lakini yeye anauliza utaleta lini, na mtu akishajifunza kusimama si vizuri kumkatisha tamaa. Njoo Jumapili. Njoo na baiskeli, nione hayo mabega.

Na hiyo lami, najua fundi amesema sasa huna shida nayo. Fundi simwamini hata kidogo. Wewe pita kwenye mashimo.

Dada yako